Mrejesho: majina ya wahusika wa hadithi yangu

Habari zenu wapendwa. Mtanikumbuka, mimi ndiye niliyelalamika kwamba wahusika wangu wote wanaitwa Juma na Asha, na nikijaribu kubuni jina jipya linatoka kama jina la dawa. Wengi mlinishauri niache kubuni herufi, niulize kwanza mtoto huyu alizaliwa wapi na lini.

Hadithi yangu iko usukumani, kwa hiyo nilimfuata bibi. Alikuwa anabangua karanga. Nikamsomea orodha yangu, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo kijana wako, kaka zake ni mapacha?" Nikasema sijui. Akasema, basi amua. Kwetu pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Dotto, na anayezaliwa baada yao ni Shija.

Nilikaa kimya. Shija! Mtu aliyekuja duniani akiwakuta wawili wameshapokelewa kwa shangwe. Sura ya tatu iliyonikwamisha miezi miwili niliimaliza usiku ule ule, maana sasa najua kwa nini anataka sana kuonekana.

Mama yake nimempa Chausiku, kwa kuwa alizaliwa usiku. Yule aliyesema majina yanayoanza na herufi moja yanachanganya alisema kweli: nilikuwa na Mwajuma, Mwanaidi na Mariamu kwenye ukurasa mmoja. Amebaki Mwanaidi tu, na nimeacha azaliwe siku ya Idi.

Asanteni sana, kwa dhati. Bado natafuta jina la mganga.