Mrejesho: lile ua la njano la vichakani limechanua

Haya jamani, mrejesho. Niliuliza kuhusu lile ua la njano la vichakani, Aspilia mossambicensis, mbona langu hapa Kisauni lapiga majani tu halichanui, mkanambia niache samadi, lipate jua la kutosha na nisubiri. Basi masika yote ikawa majani matupu, vuli ilipokolea nikaona vitumba na sasa wallahi ukuta wote wa nyuma ni njano, nyuki na vipepeo hawatoki, na huu udongo wetu wa matumbawe haujalisumbua hata kidogo. Jirani alokuwa akiniambia ning'oe magugu sasa yuwaniomba mbegu lol.

Alosema majani yakwaruza kama msasa alisema kweli. Kumbe sokwe wa Mahale kule Tanzania huyameza mazima bila kutafuna, wataalamu wasema ule ukwaruzo huwasaidia kutoa minyoo tumboni (watoto wangu wameipenda hiyo kuliko ua lenyewe).

Ila laenea hilo! Nalipogoa likimaliza kuchanua, la sivyo litaumeza mwarubaini wangu mdogo. Mbegu naanika, anayetaka aje na bahasha yake.