Databesi ikae kwenye kontena, kwenye mashine au tulipie ya wingu?

UyoleJuu
Wakuu habari za jioni. Nina apu ya kurekodi magunia ya viazi hapa Uyole, databesi yake ni Postgres, imeinstoliwa moja kwa moja kwenye mashine ya ofisi. Nikiiwasha apu bila Docker inapiga kazi freshi, nikiiweka kwenye kontena (lile boksi la Docker la kuendesha apu kivyake) tu naletewa connection refused, localhost:5432, yaani imegoma kuunganika na databesi, na Postgres naiona iko hewani kabisa. Nikomae na hii, au databesi nayo iingie kwenye kontena, au nilipie ya wingu yaishe?

Kihesa_Iringa
Mkuu ukiwa ndani ya kontena, localhost ni hiyo kontena yenyewe, sio mashine yako, kwahiyo apu inatafuta Postgres mahali ambapo haipo. Ziweke zote, apu na Postgres, kwenye compose moja (faili la Docker linalowasha kontena kadhaa kwa pamoja) halafu kwenye anuani andika jina la sevisi, ukiiita db basi ni db:5432, wala huna haja ya kuitoa hiyo poti nje.

mbao_mafinga
Compose naiunga mkono ila voliumu, pale Docker inapotunza data za databesi, ipe jina, na bakapu ya pg_dump (amri ya kutoa nakala ya Postgres) kila siku usiache. Mimi nilipiga docker compose down -v nikidhani nasafisha tu, kumbe hiyo -v inafuta na voliumu, rekodi za mbao za wiki mbili zikaondoka, nikashinda na vitabu vya risiti naingiza moja moja mpaka saa sita usiku, iliniuma sana.

DadaWaTukuyu
Ukitaka Postgres ibaki kwenye mashine inawezekana, kwenye Linux unaongeza extra_hosts yenye host-gateway unatumia host.docker.internal, jina la kuifikia mashine kutoka ndani ya kontena, ila lazima uguse pia listen_addresses na pg_hba.conf, mipangilio ya Postgres ya kuruhusu miunganisho ya nje. Kama kuna mifumo mingine inatumia hiyo databesi ni sawa, kwa apu moja naona ni usumbufu. Ya wingu kwa ofisi yako sikushauri, mtandao ukikata lori limesimama getini huwezi hata kuandika gunia moja.

UyoleJuu
Nimeenda na compose wakuu, imekubali. Ila umeme ukirudi apu inawahi kuamka kuliko Postgres inakufa, na depends_on ya kuifanya apu isubiri databesi nimeweka?

Kihesa_Iringa
depends_on tupu inasubiri kontena iwake tu, haisubiri Postgres iwe tayari. Weka healthcheck ya pg_isready, inayopima kama Postgres iko tayari, na kwenye depends_on weka condition: service_healthy, hiyo ni ya ukipiga docker compose up. Umeme ukirudi Docker inaziwasha yenyewe bila kuangalia hiyo, kwahiyo weka na restart: always, apu ikidondoka inajaribu tena mpaka ishike.