Mjadala: Katuni za zamani za mashujaa, tuziachie tu kwa kuwa "enzi zile ndivyo ilivyokuwa"?

Mleta mada
Wakuu, kila nikizigusa katuni za zamani za Kimarekani najibiwa lile lile: usihukumu mambo ya 1940 kwa macho ya leo. Mimi silikubali, na sababu yangu ni Steamboat.

Huyu alikuwa mtumishi mweusi katika hadithi za shujaa Captain Marvel, zile za kampuni ya Fawcett. Midomo minene kama maandazi, maneno ya kuvunjikavunjika, kazi yake kuchekwa. Mwaka 1945 wanafunzi wa New York walimfuata mhariri wakiwa na picha ya Steamboat waliyoikuza. Mhariri akajitetea kwamba hata wazungu huchorwa kwa kuchekesha. Wakamjibu kuwa wazungu wamo wa kila namna, mashujaa na wahalifu, lakini Steamboat ni bwege tu siku zote. Akaondolewa. Sasa niambieni: ikiwa watoto wa mwaka ule ule waliona, mtu mzima mwenye kalamu alizibwa macho na nini?

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, umeishia njiani. Akaondolewa, halafu? Weusi wakatoweka karibu kabisa kwenye hadithi za mashujaa. Nadhani wahariri waliona dawa ya kutomkera mtu ni kutomchora. Shujaa mweusi Black Panther anakuja 1966, miaka 21 baadaye!

Na Kanuni ya Katuni ya 1954, ile wachapishaji waliyojiwekea wenyewe, isikudanganye. Kwenye karatasi ilikataza kudhihaki watu kwa rangi au dini. Lakini 1956 kampuni ya EC ilipotaka kuichapa tena "Judgment Day" (si ya mashujaa, ni ya anga za mbali, ila inahusu) kasheshe likazuka. Mkaguzi anatua kwenye sayari ya maroboti, anakuta wale wa rangi ya chungwa wanawabagua wa bluu, anawakatalia uanachama wa muungano wa sayari. Mwisho anavua kofia: kumbe ni mweusi. Msimamizi wa kanuni akataka mkaguzi asiwe mweusi! Mchapishaji, William Gaines, akagoma, ikatoka kama ilivyo.

Mchangiaji wa pili
Mimi ni wa Nairobi, kwa hiyo niachieni Storm. Mwaka 1975 anaingia kundi la mashujaa la X-Men, mwanamke mweusi, na kweli lilikuwa jambo kubwa. Ila hebu itazameni Kenya waliyoichora: watu wanamwangukia Storm kama mungu wa kike wakiomba mvua, naye ana nywele nyeupe na macho ya bluu, kisha profesa mzungu anafunga safari kuja kumweleza yeye ni nani. Sisi waleta mvua tunao kweli. Ukoo wa Nganyi kule Bunyore, magharibi mwa Kenya, ni wazee wanaosoma miti, wadudu na upepo, na baadaye walifanya kazi na wataalamu wa hali ya hewa. Hadithi hiyo ingenoga zaidi, lakini nani aliuliza?

Mchangiaji wa tatu
Na sisi wanawake je? Wonder Woman anazaliwa 1941, ana nguvu za kutisha. Mwaka uliofuata anakaribishwa kwenye chama cha mashujaa, Justice Society, anapewa ukatibu. Wanaume wanakwenda kupigana, yeye anabaki na kumbukumbu za kikao. Nimecheka, maana kwenye kamati ya harusi ya kaka yangu katibu ni mimi.

Mleta mada
Dada, pole na kamati.

Kuhusu maadili, kanuni ile ya 1954 ilitaka wema ushinde kila mara, na polisi na mahakimu wasivunjiwe heshima. Ndiyo maana naipenda ile katuni ya 1970 ya Green Lantern, shujaa anayelinda sayari nyingi. Anamwokoa mwenye nyumba anayeshambuliwa mtaani, kumbe ndiye anayetaka kuwatimua wapangaji maskini. Sheria iko upande wa nani hapo? Mzee mweusi anamuuliza: umewasaidia wenye ngozi ya bluu, ya chungwa, ya zambarau huko sayarini, mbona weusi hujawahi? Shujaa anainamisha kichwa, hana jibu.

Sitaki kitu kifutwe. Wazichape na Steamboat wao, ila kisa cha wale wanafunzi kiwekwe ukurasa wa kwanza, kabla ya picha yoyote.

Mchangiaji wa pili
Hapo sawa. Na ukurasa wa kwanza wa Storm waniachie mimi.