Naomba ushauri: udongo wa mfinyanzi unapandisha magnesiamu kwenye foraminifera (viumbe vidogo vya baharini vyenye gamba)

Wakuu, mashapo yametoka mteremko wa bahari mbele ya delta ya Rufiji. Tunapima uwiano wa magnesiamu kwa kalsiamu kwenye magamba 30 ya Globigerinoides ruber nyeupe (aina ya foraminifera), mikroni 250 hadi 355, ili kujua joto la bahari ya zamani, kwa fomula: uwiano = 0.38 × e^(0.09 × joto).

Tabaka la juu halina neno: milimoli 4.5 kwa moli, yaani nyuzi 27.5 hivi. Shida iko kwenye tabaka za zama za barafu, miaka 21,000 iliyopita. Baadhi zinatoa 6.2, sawa na nyuzi 31! Bahari ya zama zile kuwa na joto kuliko leo haiingii akilini. Sampuli hizohizo zina aluminiamu na chuma kwa wingi, manganizi kidogo, kwa hiyo nashuku udongo ulionasa ndani ya vyumba vya gamba.

Usafishaji: kupasua magamba kati ya vioo viwili, maji safi mara 5 kwa mtikiso wa ultrasoniki, methanoli mara 2, haidrojeni peroksaidi yenye alkali dakika 10 kwenye maji ya moto, kisha asidi ya nitriki 0.001 M.

Je, niongeze methanoli hadi mara 4, au vipande vitapotea mno? Haidrazini, kemikali nyingine ya kusafishia, naiogopa: huondoa zaidi oksidi za manganizi, na hushusha magnesiamu ya gamba lenyewe. Na waliofanya kazi karibu na midomo ya mito, mnatupa sampuli chuma kikizidi kiasi gani cha magnesiamu? Kwetu kikomo ni 0.1 moli kwa moli.