Mtoto wa mwaka na miezi miwili anaharisha, duka la dawa wamenipa loperamidi. Nimpe?

Mama Nuru:
Habari zenu wanajamvi. Mwanangu ana mwaka na miezi miwili, anaharisha majimaji tangu jana asubuhi. Homa hana, damu sijaiona, ziwa ananyonya. Nimeenda duka la dawa hapa mtaani nikapewa kapsuli za loperamidi za miligramu 2. Kaka muuzaji kaniambia nifungue moja, unga wake niugawe mafungu manne kwa wembe juu ya kisahani, fungu moja nimkorogee kwenye uji. Nimeufungua, ni unga kidogo sana, hata sijui robo yake inaishia wapi. Ndiyo maana nimesita. Naombeni ushauri kabla sijampa, hasa wenye taaluma.

Chausiku:
Pole mwaya. Usimpe kwanza, subiri wataalamu. Ana ORS hapo nyumbani, ile chumvi ya pakiti ya kuchanganya na maji?

Mfamasia wa Zamu:
Mama Nuru, usimpe hata hiyo robo. Loperamidi hairuhusiwi kwa mtoto chini ya miaka miwili. Kule Uingereza hata dukani hawaiuzi bila cheti cha daktari kwa aliye chini ya miaka 12.

Nikupe na sababu, ili akija jirani na ushauri mwingine usiyumbe. Dawa hii ni opioidi, ukoo mmoja na mofini, ile dawa kali ya maumivu. Ilitengenezwa mwaka 1969 katika kampuni ya Paul Janssen kule Beerse, Ubelgiji. Upande mmoja wa molekuli yake una pete ya kemikali iitwayo piperidini, iliyobeba pete ya benzini yenye klorini, kipande kilekile kilichomo kwenye haloperidoli wanayopewa wagonjwa wa akili, nayo ni ya maabara hizohizo. Upande wa pili una pete mbili za benzini, kama difenoksileti, dawa ya kuharisha iliyoitangulia.

Ndani ya ukuta wa utumbo kuna mtandao wa neva. Loperamidi hujishika kwenye vipokezi vya opioidi vya neva hizo, nazo zikapunguza kutoa asetilikolini, kemikali inayoiamuru misuli isukume. Utumbo unapunguza mwendo, maji na chumvi vinapata muda wa kufyonzwa. Basi, kazi yake ni hiyo. Kirusi haiui, bakteria haiui, na maji yaliyokwisha kutoka mwilini haiyarudishi. Kwa mtoto mdogo utumbo unaweza kusimama kabisa: tumbo linajaa, maji yanajikusanya humohumo ndani, na mama akiona nepi kavu anadhani mtoto kapona. Mwaka 1990 matone ya watoto ya dawa hii yaliondolewa sokoni baada ya watoto wachanga kufa Pakistan. Jambo hili linaniuma kila ninapomwona mtu anapasua kapsuli kwa ajili ya mtoto.

Fanya hivi. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kila akiharisha mpe mililita 50 hadi 100 kwa kijiko, taratibu. Akitapika, ngoja dakika kumi uendelee. Zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama ameacha kuharisha. Ziwa na uji viendelee. Ukiona macho yameingia ndani, amelegea, hanywi, au ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo. Damu kwenye choo vilevile.

Mama Nuru:
Ahsante sana kaka, Mungu akuzidishie. Zile kapsuli nimeziweka juu kabatini. Baba yake kaenda kuchukua ORS na zinki.

Dereva wa Tunduma:
Mfamasia, nina swali. Sisi wa masafa marefu dawa hii haikosi kwenye gari. Kama ni ndugu yake mofini, mbona mtu halewi wala hasinzii?

Mfamasia wa Zamu:
Swali zuri mkuu. Kwanza, inayofika kwenye mzunguko wa damu ni kidogo mno, haifiki hata asilimia 1 ya uliyomeza, maana ini huivunjavunja mapema. Pili, kwenye mlango wa ubongo kuna protini iitwayo P-glikoprotini, kama bawabu, kila molekuli ya loperamidi ikiingia inatolewa nje. Kwa mtoto mdogo ulinzi huo haujakomaa, akaweza kulala usingizi mzito na kupumua kwa shida.

Mtu mzima mwenye kuharisha kwa kawaida huanza na miligramu 4, kisha 2 kila baada ya choo chepesi, asizidi 16 kwa siku. Marekani anayejinunulia mwenyewe mwisho wake ni 8. Siku mbili zikipita bila nafuu, nenda ukapimwe. Ukiwa na homa kali au choo chenye damu usiiguse, unafungia wadudu ndani. Na tafadhali msishindane kumeza vingi: mwaka 2016 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kwamba dozi kubwa huvuruga umeme wa moyo, mapigo yakaenda ovyo, na watu wamekufa.

Mgeni wa Jamvi:
Natumia ARV, dozi ya pili, ile yenye ritonavir. Loperamidi naruhusiwa?

Mfamasia wa Zamu:
Umefanya vizuri kuuliza. Ritonavir inambana yule bawabu, na pia inazuia kimeng'enya cha ini, CYP3A4, kinachoivunja loperamidi. Kwa hiyo dawa hupanda kwenye damu kuliko kawaida. Usijinunulie. Waeleze kliniki yako kwanza, na ARV usiziache hata siku moja kwa sababu ya kuharisha. ORS unaweza kuanza leo.

Mama Nuru:
Amekunywa kikombe kizima kwa kijiko, na amekojoa. Nimemuanzishia zinki, nimeiyeyusha na maziwa yangu kwenye kijiko kama baba yake alivyoelekezwa kwenye dirisha la dawa.