Mrejesho: Kaka yangu na mkopo wa lile fungu la asilimia 2 la walemavu, Moshi

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kama kaka yangu, fundi viatu pale Mbuyuni ambaye mguu wake ulipooza kwa polio tangu utotoni, anaweza kupata "ile hela ya serikali ya walemavu". Wengi mlisema twende kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Tumeenda.

Kwanza, si hela ya bure. Ni mkopo, ila hauna riba. Hapo ndipo nilipochanganya mambo. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Kwa hiyo fungu linapanda na kushuka kulingana na makusanyo. Kaka akacheka: "Kumbe ushuru wangu wa soko ndio nakuja kukopeshwa!" Na waliomwambia mikopo imekufa hawakumdanganya sana; ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024.

Ofisi yenyewe iko ghorofani, ngazi tupu. Kuhudumia walemavu, jamani! Kaka alibaki chini na magongo yake, dada afisa akashuka na karatasi, wakajaza juu ya kiti cha bodaboda.

Sasa anasajili kikundi na wenzake wawili, fundi cherehani na muuza mkaa. Katiba imeandikwa, wanabishana jina tu. Yule mama aliyesema tubebe nakala za vitambulisho vya taifa (NIDA), asante sana, ziliulizwa hata hatujamaliza salamu.