Kipindi cha studio: kuswichi papo hapo au kila kamera irekodi kivyake?

mwaka_wa_tatu
Wakuu habari zenu. Tuko tisa, wanafunzi wa uandishi wa habari hapa Mwanza. Tumepewa kazi ya vipindi vitatu vya mazungumzo, kila kimoja dakika 28, mtangazaji mmoja na wageni wawili. Studio ya chuo tunaipata Jumamosi moja tu, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, kisha tuna wiki mbili za kukabidhi. Tumegawanyika. Kuna wanaotaka tuswichi papo hapo, yaani tuchague kamera ipi ionekane huku kipindi kikiendelea, tukitoka studio kazi imekwisha. Kuna wanaotaka kila kamera irekodi kwenye kadi yake, tuunganishe baadaye. Na mmoja anasema tuachane na studio, tuchukue simu tatu na stendi tukarekodie chini ya mwembe. Mnatushaurije?

BiMhariri
Mimi ndiye huwa naletewa hiyo "tutaunganisha baadaye", acha niseme. Vipindi vitatu, kila kimoja tuseme mmerekodi dakika 40, mara kamera tatu: saa 6 za picha. Kamera ikirekodi megabiti 50 kwa sekunde, saa moja inakula GB 22.5. Zote GB 135, na nakala ya akiba nyingine 135. Diski mnayo? Laptop ya kucheza picha tatu kwa pamoja bila kuganda mnayo? Kuunganisha kwenyewe si kazi ngumu, hata DaVinci Resolve ya bure, programu ya kuhariri video, inakupangia kamera zote ukachagua kama unaswichi. Kinachoua ni kuamua. Studio mtu anaamua mara moja. Nyumbani anaamua mara nne, halafu anarudi kwenye uamuzi wa kwanza saa 8 usiku.

FundiKebo
Dada, kweli tupu, ila usiwatishe. Kuswichi nako kuna machungu, kosa likitoka limetoka. Tulikuwa na kipindi, mwongozaji anasema "tatu jiandae, chukua tatu", na wa kamera ya tatu ndiyo kwanza anatafuta fokasi. Mgeni kaonekana kama yuko ndani ya moshi, na lile ndilo lilikuwa jibu bora la siku nzima.

Kingine kebo. Swicha (kifaa cha kuchagulia kamera) ndogo kama ATEM Mini ina matundu manne ya HDMI, kebo kama ile ya TV, na HDMI haipendi safari ndefu. Kebo ya kawaida ukivuka mita 10 hivi, picha huanza kupotea na kurudi. SDI, kebo ya video ya kistudio, haina shida hiyo. Nendeni kabla ya Jumamosi mkaangalie nyuma ya kamera kuna matundu gani, msije mkafika na kebo zisizoingia.

anko_wa_simu
Namuunga mkono huyo wa mwembe. Simu za siku hizi zinatosha, ila wekeni zote fremu 25 kwa sekunde. Nyingi zinatoka dukani zikiwa 30. Mkiingia ndani, umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo shuta (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iwe sekunde 1/50, la sivyo taa zinaweza kupepesa kwenye picha.

BiMhariri
Anko, kivuli cha mwembe kinatembea. Kipindi kinaanza mgeni yuko kivulini, kinaisha jua liko puani. Nikikata kutoka swali la kwanza kwenda la tano, mtu amebadilika rangi.

MaikiKwanza
Mnabishania picha, na watu wanazima kipindi kwa sababu ya sauti. Kila mtu na maiki yake ya kifuani, kila maiki na njia yake kwenye rekodi. Zimeni AC na feni mkianza. Paa likiwa la bati na mawingu yamefunga, anzeni na mgeni mzito kabla mvua haijashuka. Na mkimbandika mgeni maiki, mwambieni ageuze kichwa kushoto na kulia huku mnasikiliza. Ushungi au mkufu ukigusa maiki unasikika kama mtu anakunja mfuko wa nailoni.

mwaka_wa_tatu
Je, haiwezekani tuswichi na kadi nazo zirekodi?

FundiKebo
Inawezekana, na ndivyo ningefanya. Kamera zote zikianza kurekodi, mtu apige makofi mara moja mbele yao, mtapata pa kulinganishia rekodi za kamera zote. Pale kwenye moshi ungechomeka sekunde tano za kamera nyingine, basi. Tahadhari: baadhi ya kamera za picha za mnato hujizima kurekodi zikifika dakika 29 na sekunde 59. Zimeni na kuwasha kila mnapobadili sehemu.

mshika_saa
Nimekuwa nikisimama kando ya kamera ya pili muda mrefu, kazi yangu vidole na karatasi. Mkiswichi bila karatasi ya mtiririko, ile inayoonyesha nini kinatokea dakika gani, mtajuta. Hesabuni kinyumenyume: kipindi kinafika 28:00, majina ya waandaaji yaanze 27:30, kuaga 27:00, swali la mwisho lisivuke 25:30. Aliyesimama sakafuni aonyeshe kwa vidole dakika zilizobaki, vitano, vitatu, kimoja, kisha azungushe kidole hewani maana yake funga. Mtangazaji wetu mmoja alizungushiwa kidole, akatabasamu, akasema "na labda nikuulize hili pia". Mgeni akaanza kutoka enzi za babu yake.

Ijumaa chukueni viti vitatu darasani mkafanye mazoezi bila kamera. Choreni kwa chaki mstari kutoka kwa mtangazaji hadi kwa wageni, kamera zote zikae upande mmoja. Moja ikivuka, mtangazaji na mgeni wataonekana wote wanatazama upande uleule, kama abiria wa daladala. Na vipindi vitatu kwa saa 6 ni vingi. Taa tu zitakula saa nzima.

mwaka_wa_tatu
Tumekubaliana: viwili studio kwa swicha, kadi zikirekodi. Cha tatu, anko, tutakuja mwembeni, jioni jua likiwa limepungua makali. Swali moja limebaki. Mgeni wetu mmoja wa Jumamosi ni mzee wa heshima na anapenda mashati ya mistari myembamba.

BiMhariri
Hiyo mistari itacheza kwenye skrini kama maji. Mpigieni leo, mwambieni mnaomba rangi moja isiyo nyeupe pee. Na kama nyuma yake mnaweka kitambaa cha kijani cha kubadilishia mandhari, kijani nacho asivae, ataonekana kichwa na mikono tu.

mshika_saa
Na bebeni shati la akiba, lililopigwa pasi. Wazee huwa wanasahau.